Sufuria ya Leonidas

Nyirabageni alianza kumshuku mkwewe siku alipomwona akimwaga maji ya ndizi.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akichambua maharage. Eugenia, mke wa mwanawe Leonidas, alimenya ndizi, akazikatakata, akazichemsha kwenye maji tele, kisha akaipua sufuria na kuyamwaga maji yote nyuma ya nyumba. Akatia maji mengine, akabandika tena. Chumvi hakuweka hata chembe. Sufuria hiyo ilikuwa ndogo, ya Leonidas peke yake. Chakula cha watu wengine kilikuwa kwenye sufuria kubwa, kimetiwa chumvi na magadi kama kawaida.

"Mwanangu ana kosa gani hata apikiwe peke yake?" aliuliza.

"Si kosa, mama. Daktari alisema figo zake zimechoka. Presha imeziharibu taratibu bila yeye kujua. Chumvi inamjaza maji mwilini. Na ndizi zina kitu ambacho figo zake haziwezi tena kukitoa. Nikichemsha na kumwaga maji, kinapungua."

"Kitu gani hicho?"

"Daktari alikitaja jina, mimi sikulishika."

"Jina hulijui, lakini unakimwaga," alisema Nyirabageni, akarudi kwenye maharage yake.

Leonidas alikuwa mwanawe wa pekee. Nyirabageni alivuka mto Kagera naye mgongoni, mjane asiye na kitu, wakati watu wengi walipokuwa wakikimbia kutoka Rwanda. Alilima vibarua Nyakasimbi, upande wa Tanzania, mpaka kijana akakua, akapata shamba lake la kahawa huku Rugera, akaoa binti wa mfanyabiashara wa Muleba. Sasa, mwaka huu wa 1988, mtu mzima mwenye mabega mapana alikuwa ametoka hospitali amevimba uso, na mkewe anamlisha ndizi zisizo na ladha, maharage kiganja kimoja na nyama kipande kidogo kama cha mtoto. Mgonjwa gani anayenyimwa nyama?

Jioni hiyo alimweleza jirani, Anatolia, walipokutana uani.

"Maji yanamwagwa ili yasionekane yalikuwa na nini," alisema Anatolia kwa sauti ya chini. "Mwanamke akimchoka mume hagombani naye. Anampikia."

"Kile chakula kina kitu," alisema Nyirabageni. "Nilijua. Kina kitu."

Kesho yake mchana, Eugenia alipomwekea mumewe sahani, Nyirabageni aliivuta kwake.

"Leo nitaanza mimi."

Akala nusu sahani. Leonidas alimtazama akila. Eugenia naye alimtazama, kisha akainamisha uso. Chakula kilikuwa hakina ladha, kina ndimu na kitunguu tu. Nyirabageni alikaa akisikiliza tumbo lake mpaka jua likazama. Halikumuuma. Siku zilizofuata akaonja tena, mara juu, mara chini kabisa ya sahani, kwa kuwa sumu inaweza kufichwa popote. Hakuona dalili yoyote.

Lakini Leonidas alizidi kuvimba. Macho yalibaki mistari miwili tu. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki pale pale. Na chakula alikuwa hali. Alikula matonge mawili, akasema ameshiba, akachukua kofia yake na kwenda kuangalia kahawa.

"Anakwisha mbele ya macho yangu," Nyirabageni alisema siku moja jikoni, kwa makusudi, ili asikike.

Eugenia aliweka kisu chini. "Mama, unadhani namuua?"

Nyirabageni aliitazama sufuria ndogo.

"Basi pika wewe. Mimi nitakaa pale ulipokuwa unakaa. Sitagusa sufuria, sitagusa kuni. Lakini pika kama daktari alivyosema."

Nyirabageni akapika. Alimenya ndizi kwa mkono wake, akamwaga maji kwa mkono wake, akampelekea mwanawe sahani mwenyewe. Leonidas akala matonge mawili, akasema ameshiba. Mwisho wa juma, viatu vilikuwa havimwingii tena, akawa anatoka kwa ndala.

Ndipo shaka ya Nyirabageni ilipokosa pa kukaa. Mkwewe hakuwa amegusa kitu. Alimtazama Leonidas akiingia njiani na kofia yake, akasema polepole, "Huyu mtu hali, lakini hakondi."

"Na msimu wa kahawa ulishakwisha," alisema Eugenia. "Anaangalia nini kila siku?"

Wakatazamana. Wakachukua khanga zao, wakamfuata kwa mbali, wakijibanza kwenye migomba kila alipogeuka. Alilipita shamba lake. Hakuligeukia hata kwa jicho. Alishika njia ya Bugene, akienda kwa kupumzika kila kilima, mpaka kwenye bucha ya mtu aitwaye Gaspari. Akazunguka nyuma.

Walipotokea, alikuwa ameketi kwenye gogo. Mbele yake palikuwa na mbavu za mbuzi zilizochomwa, chumvi imelundikwa kwenye jani la mgomba, na bakuli la supu lililokwisha nusu.

"Shikamoo mama," alisema Gaspari kwa haraka, akajifanya anakwenda kunoa kisu.

Leonidas alitafuta pa kuficha mkono wenye mfupa, akakosa.

"Kwa nini, mume wangu?" Eugenia aliuliza. "Nakesha nafikiria nikupikie nini, kumbe wewe uko huku?"

Leonidas hakumtazama mkewe. Alimtazama mama yake.

"Nilikusikia ukimwambia Anatolia kwamba chakula kina kitu. Kesho yake ukaanza kuonja sahani yangu. Mama hawezi kuonja chakula cha mwanawe bure. Nikajua umeona jambo. Tangu hapo kila nikiwekewa sahani, hata uliyopika wewe, mate yananikauka. Nikasema heri nile kwa mtu baki."

Nyirabageni alikaa chini palepale kwenye majani. Alitaka kusema kwamba alionja ili amkinge. Aliiona miguu ya mwanawe ndani ya ndala, imevimba, inang'aa.

"Sikuona kitu," alisema mwishowe. "Nilikula chakula hicho siku hizi zote. Nimepika mwenyewe. Hakina kitu, mwanangu. Kitu ni hiki hapa unachokula."

Leonidas aliurudisha mfupa kwenye jani.

Njiani kurudi alitangulia mbele, na wanawake wakafuata.

"Mkwe wangu, nilikuwaza vibaya," alisema Nyirabageni.

"Nilijua, mama. Na mimi nilikuwa nakuogopa. Nilidhani unampa dawa za miti kwa siri. Daktari alikataza kabisa, alisema zinaweza kuzimaliza figo."

Nyirabageni akafungua fundo la khanga yake na kutoa kifurushi cha dawa. "Nilimletea kutoka Nyakasimbi. Nilikuwa nangoja ulale." Eugenia alisimama ghafla. Akakipokea, akakitupa mbali kwenye magugu.

Walimrudisha Leonidas hospitali, safari hii wote watatu, na daktari akaeleza upya mbele ya kila mmoja: chumvi, nyama, ndizi, maji ya kunywa kwa kiasi, vidonge vya presha kila siku. Nyirabageni aliuliza jina la kile kitu cha kwenye ndizi mara mbili. Uvimbe ulishuka pole pole. Figo hazikurudi kuwa kama zamani, daktari aliwaambia ukweli huo, lakini kuharibika kwake kulipungua mwendo, na Leonidas aliendelea kuchuma kahawa yake hata miaka ya tisini ilipoingia, japo alichoka upesi.

Anatolia alizidi kunong'ona kwamba sasa wanamwekea sumu wawili. Siku moja Nyirabageni alimkaribisha jikoni, akampakulia sahani kutoka sufuria ndogo. Anatolia akasema amekwisha kula.