Desktop ya Khamala

Ukiona desktop ya Khamala mara ya kwanza ungedhani soko ya Gikomba imehamia ndani ya kompyuta. CV za watu, barua za chifu, vibali, matanga, shortcut imekalia shortcut, yote imemwagwa tu hapo kwa skrini. Nyuma kulikuwa na picha ya maporomoko ya maji lakini hayo maji sikuwahi kuyaona yote. Nilikuwa naona tone hapa, tone pale.

"Khamala, hii kitu ikishika moto, fire brigade watapitia wapi?"

"Wewe Mkamba, shughulika na photocopy yako. Hapa kila mtu anajua plot yake."

Na ni ukweli. Alikuwa ameipanga kama Kibera yenyewe. Juu kushoto ndio mtaa wa Olympic, hapo anaweka Word. Juu katikati ndio kwa DC, mambo yote ya serikali. CV zinafuata reli, kwa sababu watu wa kutafuta kazi ndio hutembea na reli asubuhi. Halafu chini kabisa kulia, kuelekea makaburi ya Lang'ata, ni matanga: posta za kubandika ukutani za kuomba mchango, programu za mazishi, picha za marehemu. Kazi mpya ikiingia anaivuta mpaka mtaa wake. Hata ukimwamsha usingizini angekupata faili yako.

Siri yake niliijua siku mteja alimnyooshea mkono amsalimie na Khamala akauacha hewani. Jamaa akatoka amenuna. Nikauliza, "Kwani huyo alikukosea nini?"

"Huyo nani?"

Tukaangaliana. Nasema tukaangaliana, lakini ni mimi nilikuwa naangalia.

Akaniambia yote. Ni presha ya macho. Daktari alimwambia ile imeenda imeenda, matone ni ya kulinda ile imebaki. "Naona kama mtu anachungulia kwa straw ya soda, Musembi. Nikijua kitu iko wapi, naelekeza straw hapo. Nisipojua, nitatafuta mpaka Yesu arudi." Akashusha sauti. "Usimwambie Gachanja. Nishike hii kazi tu hadi Disemba, Mideva amalize college. Hapa nje nani ataandika typist haoni?"

Mideva ni msichana wake, anasomea uuguzi. Gachanja ndio boss wetu, ana cyber mbili, duka za kompyuta, hii yetu ya Kianda hapa Kibera na ingine Kawangware. Nikanyamaza. Hata mimi na diploma yangu nimekalia photocopy, nitamchomea nani kwa boss?

Halafu Jumatatu moja Gachanja akaingia na furaha zake.

"Vijana wangu! Kuanzia leo hizi duka mbili zitafanana kama mapacha. Nikitoa mtu Kawangware nimlete hapa, akae tu aanze kazi. Khamala, inuka nikutoe kwa hii takataka."

Khamala hakuinuka haraka. Nikaruka mimi.

"Boss, hii mashine ni mzee. Ukiishtua hivyo itapata stroke. Wacha mimi na Khamala tuipange polepole, kamoja kamoja."

"Polepole ndio imetufikisha hapa. Mteja akiona hii anadhani tunauza mitumba."

Akakaa. Khamala akaja kwa benchi ya wateja, mikono katikati ya magoti kama mtu anangoja kunyolewa. Tulikuwa tunasikia mouse tu, tik, tik. Gachanja akafungua folda chache, Kazi, Picha, Serikali, Matanga, akatupa vitu ndani. Shortcut zisizo na maana akafuta. Zile zimebaki akazipanga laini moja upande wa kushoto, halafu akawasha ile setting ya kuzishikilia hapo zisitoke kwa laini.

"Ona sasa! Hata maji inaonekana."

"Imekaa poa, boss," Khamala akasema. Hakuwa ameangalia skrini.

Gachanja akienda tu, Khamala akarudi kwa kiti. Akatafuta folda ya Matanga, akaishika, akaivuta chini kulia mpaka Lang'ata kwake. Akaachilia. Ikaruka ikarudi kwa laini. Akavuta tena.

"Imerudi?" akaniuliza.

"Imerudi."

"Hata hii inakataa kuzikwa," nikasema. Siku zingine angecheka.

Nikaizima hiyo setting mwenyewe. Kabla chai ipoe simu ikalia. Gachanja alikuwa na ile programu ya kuchungulia mashine zake akiwa mbali. "Nani anachafua desktop yangu?" Nikamwambia ni panya. Akasema panya akirudia atafute kazi kwingine.

Basi nikatoa plasta, ile ya kidonda, nikakata vidogo vidogo, nikabandika kwa fremu ya skrini, kipande kimoja kando ya kila icon. Khamala anapapasa na kidole, akigusa plasta anaelekeza straw yake hapo. Wateja wakiuliza nawaambia skrini ilijikata ikinyoa. Na ikafanya kazi! Kufika Alhamisi alikuwa anafungua Word kama zamani.

Lakini ndani ya folda hakuna plasta.

Sasa nikueleze mambo ya suti. Cyber yetu hupiga picha za passport, na mtu wetu hana suti. Kwa hivyo Khamala alikuwa na suti moja ndani ya kompyuta, koti ya blue na tai nyekundu. Anakata kichwa chako, anakupandisha hapo, unatoka ukifanana na meneja. Nusu ya Kianda imewahi kuvaa hiyo suti. Hata marehemu walivalishwa, maana familia nyingi hupata picha moja tu ya mtu wao, na ndani amevaa vest.

Ijumaa hiyo Gachanja aliniita Kawangware, photocopy ya huko ilikuwa inakula karatasi. Khamala akabaki peke yake. Asubuhi alikuja kijana anaitwa Shivachi, mtoto wa mama wa kuuza omena, wale dagaa wadogo, mtaa wa Kisumu Ndogo. Alitaka picha ya kupeleka kwa kazi ya usoja, ya kulinda geti. Akavalishwa suti. Nyuma yake akaingia Mama Lenah.

Mama Lenah alikuwa amefiwa na bwana yake, Ishmael. Alianguka kutoka juu ya nyumba walikuwa wanajenga, kazi ya mjengo. Huyo Ishmael alikuwa mtu wetu, akitoka kazi anapitia hapo kwetu tunakunywa chai, anamtania Khamala. Mama Lenah akatuma picha kwa WhatsApp, akasema ni ya posta ya mchango, atatuma boda ichukue, yeye hawezi kungoja, nyumba imejaa watu. Ishmael naye akavalishwa suti.

Zamani Khamala angevuta hiyo picha akaiweka Lang'ata, na mtu hai hangepatikana huko. Sasa zote mbili ziliingia folda moja, Picha, majina ni namba tu ndefu. Akaelekeza straw. Akaona koti ya blue, akaona tai. Akaona ni hiyo.

Boda akabeba posta, akazipeleka moja kwa moja kwa vijana wa kanisa, ambao hawakuwahi kumwona Ishmael. Wakazibandika mpaka Kisumu Ndogo.

Mimi na Gachanja tulirudi mchana tukapata watu kwa mlango. Shivachi alikuwa ndani, ameshika posta ameibandua ukutani, gundi bado inamtiririka kwa mkono.

"Nani ameniua? Nauliza tu. Nani ameniua?"

Chini ya uso wake, kwa herufi kubwa: ISHMAEL, UMETUACHA.

"Mamangu ameniona kwa ukuta, hapo tu kando ya meza yake ya omena. Hajui kusoma, ameona sura. Ameanguka. Daktari amesema ni stroke. Nimeenda nikasimama mbele yake, mama ni mimi, na hata haongei!"

Gachanja alikuwa ameshika kichwa. Nikasema, "Boss, ni mimi. Mimi ndio niliprint."

"Musembi, umekuwa na mimi Kawangware tangu asubuhi. Usinifanye mjinga."

Mama Lenah alikuwa ameingia, leso kichwani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alienda mpaka kwa meza, akatoa simu yake, akaishika mbele ya Khamala. Kwa hiyo simu Ishmael alikuwa na vest, anacheka.

"Khamala. Huyu ni nani?"

Khamala akasogeza uso. Akaanza kutafuta, kutoka kona ya simu, kichwa kinaenda hivi, kinarudi hivi. Shivachi akashusha ile posta. Watu wa mlangoni wakasogea, maana sasa kila mtu alikuwa anaona kile mimi nilikuwa nimeficha.

"Mlikuwa mnakunywa chai naye," Mama Lenah akasema.

"Mama Lenah, nisamehe. Sioni."

Gachanja akakaa kwa benchi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniacha hapa?"

Gachanja akaangalia viatu vyake. Sitamwita mtu mbaya. Hakudanganya aseme ndio.

Shivachi akatoka, akarudi hospitali. Khamala akauliza kama anaweza kurudia hiyo kazi kabla aende. Nikasimama nyuma yake. Mimi nikawa macho, yeye akawa mikono. Nikamwambia panda, shuka, hapo. Tukafika kwa Ishmael.

"Mtoe suti," akasema.

"Abaki na vest?"

"Abaki na vest."

Tukaprint. Mama Lenah akaangalia kila karatasi, moja moja, akazikunja akaenda. Khamala akavaa jaketi, akapapasa fremu ya skrini kutoka juu hadi chini, plasta baada ya plasta, halafu akanipea mkono. Nikatafuta kitu ya kumchekesha. Nikakosa.

Mama Shivachi hakuwahi kuongea tena. Mideva aliacha college mwezi uliofuata. Sasa anauza simcard kwa mwavuli karibu na Olympic, nikipita ananiita uncle.

Jumatatu Gachanja alileta msichana wa Kawangware, Angeline. Akakaa tu akaanza kazi, vile boss alitaka. Alikuwa mzuri, mwepesi. Baada ya muda akageuka.

"Uncle Musembi, hizi plasta ni za nini?"

"Ni za kushikilia kioo."

"Kioo haijavunjika."

Akazitoa na kucha, moja baada ya ingine, akachukua kitambaa akapanguza gundi.