Kikombe cha Baraka

Jumamosi asubuhi Wubalem alikaanga buni, akaitwanga, akaichemsha kwenye mtungi wa udongo. Zenebech, jirani yake wa zamani, alikunywa kikombe cha kwanza na cha pili, kisha akasimama. Katika mitaa ile ya Addis Ababa mgeni haondoki kabla ya cha tatu, maana ndicho chenye baraka.

"Unakwenda wapi, na baraka sijaimimina?"

"Mazoezini, shoga. Nikichelewa kocha ananuna."

"Kocha! Wewe uliyekuwa ukihema kabla hatujafika golini?"

Zamani walitembea pamoja alfajiri kuzunguka uwanja wa mtaa. Kisha nyumba za upande wa Zenebech zikabomolewa, akapewa makao katika ghorofa jipya, na uwanja ukawekewa uzio kwa ajili ya wakazi wa ghorofa. Upande wa Wubalem ulibakiziwa vumbi na malori ya kokoto. Naye ndiye mwenye kisukari, ndiye aliyeanza kufa ganzi miguuni, ndiye aliyeambiwa na daktari atembee.

Wivu ukamkaba. Akamfuata mwenzake mpaka langoni, mlinzi akamzuia. Kivuli cha Wubalem kikapita.

"Na hicho je?" aliuliza Wubalem.

"Vivuli sijaambiwa kitu, mama."

Tangu hapo kivuli kilikwenda kila asubuhi na kurudi kimelowa jasho. Wubalem alikisuuza kwenye beseni, akakianika. Kikapungua kiuno, kikanyooka mgongo. Alikionea wivu kuliko alivyomwonea Zenebech. Zenebech angalau alikuwa mtu mwingine.

Kliniki, daktari alikipima kivuli kwanza.

"Sukari yake safi kabisa. Kiendelee hivyo hivyo." Kisha akamtoboa Wubalem kidole, akakunja uso. "Na wewe mama, mbona hutembei?"

"Nitembee wapi, daktari?"

"Si huko huko kinakotembea?"

Jumamosi iliyofuata walikunywa kahawa wote watatu. Baada ya kikombe cha pili Zenebech alisimama. Kivuli nacho kikasimama.

"Twende, tusije tukachelewa," Zenebech alikiambia, akakishika mkono.

Wubalem aliwatazama mpaka walipopita langoni, mlinzi akiwapungia. Kisha akamimina kahawa ya baraka, vikombe vitatu. Alikunywa chake, akanywa cha Zenebech, akanywa na cha kivuli, kila kimoja akikitia sukari vijiko vitatu.