Mwenzake Konokono

Usimwambie Eugénie kwamba konokono hana moyo. Kwao Uvira aliyefiwa haachwi peke yake. Watu wanakuja na mikeka, wanalala kwake mpaka matanga yaishe. Ndiyo maana konokono mmoja wa Bwana Nkhoma alipokufa, yule aliyebaki alimtia Eugénie huruma ya kijinga. Eh, ya kijinga, nasema wazi.

Bwana Nkhoma, Mmalawi wa Area 47 aliyejifunza Kiswahili akisoma Dar es Salaam, alikuwa na bahari sebuleni, tena katika nchi isiyo na bahari: masanduku mawili ya kioo, maji yametiwa chumvi ya kupima. Kwenye kubwa waliogelea samaki. Kwenye dogo aliishi huyo konokono wa bahari asiye na gamba, kijani, mgongo umejikunja kama saladi, pamoja na kamba wawili wadogo waliojificha kwenye mawe mchana kutwa. "Huyu anapatana na kamba tu," aliagiza bwana. "Samaki, hapana."

Eugénie alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mzee Mulenda, mtu wa Fizi, alilinda geti na kuwasha jenereta umeme ukikatika, maana sanduku dogo bila umeme halikupata hewa. Kila mwezi bwana aliwaandikia wote wawili barua moja ya kazi, wakaipeleka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wapate ruhusa ya kukaa mjini. Bila barua, Eugénie na binti yake Gabriella wangerudi kambini, na Gabriella alikuwa amebakiza wiki tatu tu afanye mtihani wa mwisho shuleni Area 25.

Basi bwana akasafiri kwenda Blantyre. Eugénie akachukua kijiwavu, akamletea konokono samaki mmoja wa manjano kutoka sanduku kubwa, mwenye mdomo mrefu, mpole kuliko wote. "Kaa na mwenzako, maskini," akamwambia. Akaenda kupiga pasi.

Aliporudi, yule mpole alikuwa ananyofoa. Saladi yote imekwisha, kimebaki kipande kinaelea. Yesu wangu! Akamrudisha samaki mbio mbio, maji yakamwagika zuliani.

Kesho yake bwana akarudi, akainama mbele ya kioo kitambo kirefu. "Nini hii, Eugénie?"

Alikuwa ameapa kusema kweli. Lakini alimwaza Gabriella na sare yake, na ulimi ukaenda wenyewe. "Umeme ulikatika jana mchana, patron. Saa nyingi. Jenereta haikuwaka."

Mulenda akaitwa, akasimama na kofia mkononi. Eugénie alimngoja akane. Angekana tu, naye angekiri palepale. Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

"Mi sikuona umeme kukatika," mzee akasema polepole. Kisha akamtazama Eugénie, akatikisa kichwa. "Lakini mama Gabriella hawezi kusema uongo. Kama anasema ulikatika, basi nililala. Siku hizi usingizi unanibeba tu, patron."

Eugénie aliokota kitambaa, akaanza kufuta kioo. Bwana Nkhoma hakupiga kelele. Alichukua kalamu, akaandika barua yenye jina moja.

Ijumaa Eugénie akapanda minibasi hadi Dzaleka, akapanga mstari wa ruhusa. Jua lilikuwa kali, vumbi likiingia machoni, na yeye alishukuru vumbi hilo, kwa maana machozi yake hayakuulizwa na mtu. Ndipo akaitwa kwa jina la mtoto wake. Alikuwa Marguerite, mke wa Mulenda, amebeba bakuli la unga limefunikwa kitambaa.

"Mama Gabriella, utusamehe," Marguerite akasema, ameinamisha kichwa. "Mzee ameniambia usingizi wake nusura ukukosese kazi na wewe. Anaona haya kuja mwenyewe. Chukua hii, mtoto akule vizuri, afanye mtihani."

Eugénie alikuwa ameshika barua kwa mkono wa kulia. Akaihamishia wa kushoto, akapokea bakuli.