Kidole Gumba cha Kidoti

Kinyozi alikuwa na jicho. Mteja akiingia tu, kabla hajakaa kitini, yeye alishajua kisogo chake kimelala upande gani, sikio lipi liko juu kuliko lenzake, na nywele za mbele zimeanza kumkimbia tangu lini. Watu walimpenda kwa hilo. Lakini aliyeuona mdomo wa binti yake hakuwa yeye. Alikuwa dada yake.

Dada mtu alikuja kuwatembelea Jumapili moja. Walikuwa mezani wanakunywa chai: yeye, kaka yake, na Kidoti, mtoto wa darasa la tatu mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa jina hilo. Kidoti alichukua kipande cha mkate, akakipeleka pembeni mwa mdomo, akakikata kwa magego huku kichwa kimeinama kama fundi anayekata uzi kwa meno. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Hebu ng'ata kwa mbele, mwanangu."

Mtoto akang'ata, akavuta. Mkate ukatoka mzima, umelowa mate tu.

"Thiwezi, shangathi."

"Tangu lini?"

"Thijui."

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Wewe! Kila mwenye upara mtaa huu unamjua mpaka kipimo cha upara wake, mdomo wa mwanao hujauona?"

Kinyozi akacheka kicheko cha kuvunga. Lakini chai ilipokwisha alimchukua binti yake mpaka dukani, chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, akamkalisha kwenye kiti cha wateja na kuwasha taa ya juu ya kioo.

"Uma meno. Sasa fungua midomo nione."

Nyuma magego yalikutana vizuri. Mbele, meno ya juu yalikuwa yamechomoza na ya chini yamerudi ndani, na kati yao pamebaki uwazi wa mviringo, ulimi unachungulia. Kinyozi hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani kilichouchonga uwazi ule. Kidole gumba cha mtoto kingepita pale bila kugusa jino.

"Shuleni wananiita Dirisha," Kidoti akasema, akijitazama kwenye kioo.

Kunyonya kidole alikuwa ameshaacha tangu yuko mdogo kabisa. Alikirudia siku mama yake alipozikwa. Alikuwa amekaa mapajani kwa shangazi, nyumba imejaa watu, na kidole kikaingia mdomoni kama kitu kilichorudi kwao. Mtu mmoja alitaka kumkataza, wenzake wakasema mwacheni, ni uchungu huo. Wakamwacha. Baba yake naye akamwacha, kwa sababu mtoto akiwa na kidole mdomoni hakuwa akiuliza maswali, na kinyozi hakuwa na majibu. Jina la mkewe lilikuwa halimtoki. Picha zake alizifungia kabatini, na mteja akianza kumzungumzia marehemu, aliwasha mashine ya kunyolea.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hakumgombeza mtoto. Alimwomba ameze mate, akatazama ulimi unavyosukuma mbele, kisha akamwita baba aje karibu.

"Taya lake la juu limekuwa jembamba, unaona? Kaakaa limepanda juu. Mashavu yanabana kwa nje, kidole kinasukuma kwa ndani. Mfupa wa mtoto ni laini, unafuata unakopelekwa. Tukiwahi, tutaupanua na meno yatashuka yakutane. Lakini kwanza kidole kitoke. Kidole kikiwepo, kazi yangu yote ni bure."

Nyumbani wakajaribu wenyewe. Kinyozi alikifunga kidole kwa plasta. Asubuhi akaikuta plasta chini ya mto. Akakipaka shubiri, kitu kichungu mpaka yeye mwenyewe alipolamba kidogo alikunja uso. Kidoti alikaa nacho mdomoni machozi yanamtoka, akainyonya shubiri yote mpaka ikaisha, kisha akalala. Baba alimtazama akiwa amelala, akajua hapa si mchezo.

Wakarudi kwa daktari. Safari hii aliweka kifaa: pete mbili za chuma zilizogandishwa kwenye magego ya juu, na waya uliopita nyuma ya meno ya mbele kama uzio mdogo.

"Hakiumizi," alisema. "Kinaondoa utamu tu. Kidole kikienda, hakifiki kilikozoea."

Kweli hakikumuumiza. Siku za kwanza Kidoti alidondosha mate, akala uji, akazoea. Lakini akawa mkimya. Akitoka shule alilala kitandani na kuutazama ukuta, hataki kucheza, hataki kusoma. Shangazi alileta mwanasesere. Mwanasesere akakaa kwenye kona yake, Kidoti kwenye yake.

Mchana mmoja, duka likiwa halina mteja, kinyozi aliingia chumbani akamkuta analia bila sauti. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Meno yanauma?"

Akatikisa kichwa.

"Shuleni wamekuudhi?"

"Hapana." Kisha akasema: "Mama thimthikii tena."

"Unamsikia vipi, mwanangu?"

Kidoti akaeleza kama anaeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Zamani alikuwa akilala juu ya kifua cha mama, sikio limebanwa pale, anamsikia akipumua. Sasa ukiweka kidole mdomoni, ukafunga midomo vizuri na kufumba macho, unamsikia vilevile. Anavuta, anashusha. Mpaka unalala.

"Huu waya unapitisha hewa," akasema. "Thio yeye tena. Ni mimi tu."

Kinyozi alikuwa amejikaza kwenye mazishi, na alijikaza miaka yote iliyofuata. Pale ukingoni mwa kitanda alishindwa. Alilia mpaka mteja aliyekuwa anaita "Hodi! Hodi humo!" akachoka akaondoka zake.

Kesho yake alifunga duka wakaenda kliniki bila miadi. "Kitoe," alimwambia daktari, na akamsimulia kila kitu, sauti inakatika.

Daktari alivua glavu. "Kukitoa ni kazi ndogo, baba. Nitakitoa leo hii. Ila tukisubiri mpaka awe msichana mkubwa, mfupa utakuwa umekomaa, na hapo kulirudisha taya itabidi tupasue. Sikutishi. Nakwambia nitakachokiona mimi nikiwa hapahapa, na yeye akiwa kwenye kiti hiki."

Kinyozi akatoka nje kwenye benchi alipomwacha mtoto. "Wewe unasemaje? Tukitoe?"

"Meno yatakuwaje?"

"Yatabaki hivyo. Yatazidi, labda."

Kidoti akaitazama mikono yake iliyolala mapajani. Kidole kilikuwa kimeanza kupata ngozi ya kawaida, ile sugu ya kwenye kiungo inabanduka.

"Bathi kikae," alisema. Wakarudi nyumbani.

Kikakaa. Muda ulipita, kidole kikasahau njia, na daktari akatoa uzio akaweka kifaa kingine: bamba la plastiki lililobana kaakaa, lenye skrubu ndogo katikati. Kila wiki mzazi aliingiza ufunguo mwembamba kama sindano na kuizungusha kidogo, taya lipanuke. Kazi ya mkono uliotulia. Kinyozi aliifanyia dukani, Kidoti amelala kwenye kiti kilichoinamishwa nyuma, kichwa chini ya taa, mdomo wazi.

Mara ya kwanza mtoto alikaza mikono kwa woga. Kinyozi, ili kumsahaulisha, akafungua mdomo, na kilichotoka hakukipanga.

"Mama yako alinikuta nafanya kazi kwenye duka la watu," alisema. "Alikuja kunigombeza. Nilikuwa nimemnyoa mdogo wake upande umepanda, upande umeshuka, mtoto anaonekana kama amenyolewa kwenye pikipiki. Nikamwambia karibu ukae, nirekebishe. Akakataa kukaa. Alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, mpaka nilipomaliza."

Kidoti hangeweza kujibu, lakini tumbo lake lilitikisika kwa kicheko.

Wiki iliyofuata kinyozi alisimulia jinsi marehemu alivyoogopa kuku. Iliyofuata, jinsi alivyoimba akifua, maneno kayakosea yote. Alitoa na picha kabatini. Taya lilipanuka, meno yakaanza kusogea kila moja kwenda mahali pake, na maneno yakamnyooka mtoto mdomoni. Shuleni wakapata mtu mwingine wa kumpa jina. Daktari alimsifu. Shangazi alipiga vigelegele alipomwona aking'ata hindi la kuchoma.

Lakini ndoa ya kinyozi na marehemu haikuwa ndefu, na mengine hayakuwa ya kumsimulia mtoto. Siku moja kinyozi alishika ufunguo, akatafuta kichwani, hakuona kitu.

"Leo sina hadithi, mwanangu. Zimeisha."

"Zote?"

"Zote ninazozikumbuka."

Kidoti akalala kitini, akatazama taa. "Basi rudia."

Akaufungua mdomo. Kinyozi akaingiza ufunguo, akaanza upya: duka la watu, mdogo mtu, upande umepanda, upande umeshuka. "Nikamwambia karibu ukae, nirekebishe. Akakaa pale kwenye benchi…"

Mkono wa Kidoti ukainuka ukamshika kifundo cha mkono. Kinyozi akautoa ufunguo taratibu.

"Hakukaa," alisema Kidoti. "Alikataa. Alisimama nyuma yako, mikono kiunoni."

Kinyozi alifumba macho kumtafuta. Aliliona duka, kioo, sakafu yenye nywele. Kama mwanamke yule alikuwa amesimama au amekaa, hakumwona tena.

"Alisimama," akasema. "Ni kweli. Alisimama."