Vidole Vilivyokataliwa na Kioo

Kabla hakujakucha nilisikia tik, tik, tik: mzee wangu, baba wa wanangu, anagonga kichupa cha dawa ya macho ukingoni mwa kitanda, apate tone la mwisho. Halikutoka. Daktari alishatuonya asikose hata siku moja, presha ya macho haisubiri mtu. Na duka la dawa, tangu mwezi uanze, halipokei noti. Wanataka pochi ya simu, pesa ulipe kwa kubonyeza.

Kulipokucha nikaenda ofisi ya hiyo pochi. Ukutani wameandika kwamba kujiunga ni rahisi kama kupumua. Foleni yote ilikuwa inahema.

Kijana wa dirishani, tai imembana shingo, akaniambia niweke kidole kwenye kioo kisome alama. Kikakataa. Nikabadilisha kidole, nikabadilisha mkono. Miaka thelathini na minne nimefua mashuka ya hospitali kwa sabuni kali. Alama zilikwenda na maji. Nikamweleza hivyo kwa upole. Hakuinua uso. Akamwambia mwenzake aandike kwa nini mteja ameshindwa kujiunga, na mwenzake akachagua kwenye orodha yake: wazee wanaogopa teknolojia.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "hicho kioo ndicho kinachoniogopa mimi."

Watu wakacheka. Yeye akaita anayefuata. Msomi mzima, analipwa ajue kwa nini watu hawaitaki pochi yao, na jibu limesimama mbele yake limemnyooshea vidole kumi.

Mlangoni nikashikwa bega na mama wa usafi, ndoo mkononi. Akanionyesha vidole vyake, laini kama mgongo wa kijiko. Naye kioo kilimkataa. Akasema ipo njia ya namba ya siri, ila hawaisemi kwa sababu inawapotezea dakika kumi. Akanirudisha dirishani, akaweka ndoo chini, akasimama palepale mpaka kijana akaifungua njia hiyo. Yule mama hakuninyang'anya simu kama wanangu wanavyofanya. Aliniacha nibonyeze mwenyewe, na nilipofika kwenye namba ya siri akageuka, akatazama ukuta.

Nikakabidhi noti zangu, zikaingia kwenye simu. Nikavuka barabara hadi duka la dawa, nikalipa, nikarudi kumwonyesha yule mama kichupa cha mzee wangu kabla ya kwenda nyumbani. Alikishika kwa mikono miwili.

"Msalimie mzee," akasema. "Na uje tena, mama, hata kama huna shida. Hapa wote wanakuja kwa ajili ya dirisha tu."