Kungoja Uani kwa Mbonigaba

Nilikuwa nimeshauacha mji nyuma, ziwa linaonekana chini kama bati jipya, ndipo nikasikia mtu ananiita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa huko. Ni Languida, jirani yangu, anapanda mlima mbio, mtungi wa pombe ya mtama kichwani na mkono mmoja umeushika.

“Yaya Faradji, ngoja! We unaenda kwa sushefu mikono mitupu? Uko mutoto?”

“Kaka yako hakunipa kitu. Alinituma tu.”

“Straton anajua nini? Anajua vitabu.” Akautua mtungi, akafuta jasho. “Sikiliza. Ukifika, sema anaumwa. Sema malaria imemulaza, hawezi kusimama. Usiongeze neno. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“We ni mutu wa maneno mengi, ndiyo maana naogopa.”

Alisema kweli. Nimetembea Ujiji, Tabora, Kampala, nimepakua mizigo katika bandari zote za maziwa haya, na kila mahali mdomo wangu ulinitangulia. Shule nimesoma kwa vipande: mwaka mmoja kwa mapadri, miezi kadhaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, hesabu nikafundishwa na Mhindi mmoja ghalani. Kiswahili nasoma. Kifaransa naona herufi tu.

Ilikuwa Aprili, mwaka 1959, Jumatatu tarehe sita. Nilikuwa nimepanga chumba Kisenyi, ukuta mmoja na Languida, muuza samaki. Kaka yake, Straton Hategekimana, alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu cha Leopoldville na cheti chake cha miaka minne. Mtu wa kwetu mwenye cheti kile ungemhesabu kwa vidole. Lakini yeye hakutosheka. Alitaka kwenda Ubelgiji kuongeza masomo, udaktari, si wa sindano, wa siasa. Nilimuuliza siku moja siasa inasomwa vipi.

“Yaya,” akasema, “nataka kujua kwa nini mutu mumoja anakaa kwenye kiti na mia wanakaa kwenye majani. Na kwa nini wale mia hawaulizi.”

“Hilo nitakuambia bure. Wanaogopa fimbo.”

“Bon, sawa. Na yule mwenye fimbo, anaogopa nini? Ndiyo hiyo naenda kusoma.”

Kamati ya masomo ya serikali huko Usumbura ilikuwa na nafasi moja tu kwa mtu kama yeye. Ilitaka cheti, ilitaka barua ya padri, ilitaka kurasa za kueleza atasoma nini. Vyote alikuwa navyo. Kilichobaki ni karatasi ya tabia njema kutoka kwa sushefu, yaani chifu mdogo, wa kilima alikoandikishwa, nako ni Bugeshi, juu huko chini ya volkano, kwa sushefu Mbonigaba. Bahasha nzima ilipaswa kupanda meli ya Jumamosi tarehe ishirini na tano. Baada ya meli ile, hakuna.

Sasa msomaji aelewe jambo moja. Wakati ule mtu aliyetaka kitu kwa mkubwa hakuingia na kusema nataka. Alikwenda kukaa. Alikaa uani na wenzake, akasaidia kufunga ua wa matete, akasifu ng’ombe wa bwana, akamfuata shambani, siku tatu, wiki, hata mwezi, mpaka siku moja bwana amtazame na kusema, na wewe je? Hapo ndipo unafungua mdomo. Straton aliyajua haya kuliko mimi. Kurasa zake arobaini kwa kamati zilihusu ua huo huo, nani anakaa wapi, nani anaongea kwanza. Ameandika kurasa arobaini juu ya ua wa sushefu, na kukaa ndani yake siku tatu hakutaka.

“Ile ni karatasi ya serikali,” aliniambia. “Si ng’ombe anayonipa. Anaweka muhuri, basi. Wewe nenda, ukae mahali pangu kama wanataka mutu wa kukaa.”

Nikaenda. Ndilo kosa la kwanza, na tulilifanya wawili.

Bugeshi ni baridi. Watu wanalima viazi na wamejifunika mablanketi. Ua wa Mbonigaba ulikuwa na watu kama ishirini, wengine wanang’oa majani kwa vidole kwa kuchoka kungoja. Nikautoa mtungi, ukapokelewa, nikaonyeshwa pa kukaa karibu na njia ya ng’ombe. Jumanne nzima hakuna aliyenitazama. Jumatano mvua. Waliokaa karibu nami wakanizoea, wakaanza kunitania kwa kofia yangu.

“Muswahili, umekuja kutufundisha kuswali?”

“Nimekuja kuonja viazi vyenu. Wanasema vinafanana na nyinyi, vigumu nje, ndani maji.”

Walicheka. Karani wa sushefu, Phocas, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, naye akacheka. Nikajiona nimefika nyumbani.

Alhamisi mchana Mbonigaba alitoka. Mzee mrefu, shuka nyeupe, koti la Kizungu juu yake. Akaketi kwenye kiti chake. Akapitisha macho, yakanifikia.

“Na wewe je?”

Nikapiga makofi kama nilivyoona wenzangu wakipiga, nikamwita chifu kwa lugha yao. “Mutware, nimekaa hapa kwa ajili ya Straton, mutoto wa Hategekimana. Anaomba karatasi ya tabia njema.”

“Umekaa kwa ajili yake.” Akawageukia watu. “Mumesikia? Straton ametuma makalio ya mutu mwingine.”

Ua mzima ukaangua kicheko. Akaendelea, “Na huko Ulaya, utamusomea wewe? Na akioa mke?” Wakazidi kucheka, na mimi nikacheka, maana mtu akichekwa na ishirini ni afadhali awe wa ishirini na moja.

“Kwa nini hakuja?”

Hapo ndipo ningesema malaria. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechekwa, na nilitaka kumpa Straton heshima mbele ya watu wale wenye mablanketi. Nikasema, “Mutware, iko kazi kubwa. Anaandika kitabu kwa Wazungu. Anaandika juu ya ua huu, juu yako wewe, jina lako litafika Ulaya. Na meli ya bahasha inaondoka tarehe ishirini na tano, ndiyo maana hakupata nafasi.”

Nilidhani nimemsifu.

Kicheko kilikatika. Mbonigaba akauliza taratibu, “Anaandika nini juu yangu?”

“Yote, Mutware.”

Akamwita Phocas, wakaingia ndani. Nikasikia mashine ya chapa, pigo moja moja. Phocas akanitolea karatasi yenye muhuri wa buluu. Nikainusa ule wino, nikashukuru, nikateremka Ijumaa asubuhi nikiimba.

Straton aliisoma amesimama mlangoni. Languida akamwambia, “Soma kwa sauti, tusikie.”

Akatafsiri. “Mtu mwenye akili. Hajui kungoja. Hana bwana.” Akakunja karatasi. “Basi. Mistari mitatu.”

“Hiyo ni mbaya?” nikauliza.

“Yaya, kwa mutu anayeomba kusoma siasa mwaka huu? Wazungu watasoma ‘muasi’. Ameniua kwa adabu.”

Languida alinigeukia. “Uliwaambia anaumwa?”

Nikavua kofia. Yeye akajibu mwenyewe kwa kurudi ndani na kuanza kupanga samaki, na hakunipa salamu tena kwa muda mrefu.

Nikaeleza ukweli wote, kurasa, kitabu, tarehe. Straton alisikiliza amefumba macho. Nilitegemea matusi. Akasema tu, “Ulimwambia na tarehe.”

Jumapili tarehe kumi na mbili alivaa viatu vyake vya Leopoldville, akachukua blanketi la dada yake, akapanda Bugeshi kukaa mwenyewe.

Alikuwa na siku kumi na tatu. Nilijipa moyo. Siku tatu za kununa, nikasema, nne za kumtania, halafu mzee atalegea. Habari zililetwa na wauza viazi. Straton anafunga ua. Straton amemshikia sushefu mwavuli akikagua mifereji ya kuzuia mmomonyoko mlimani. Straton amesifu ng’ombe mbele ya wageni, na amesifu vizuri, watu wamefurahi. Tarehe ishirini, bado hajaulizwa. Ishirini na moja, bado.

Tarehe ishirini na tatu nikashindwa, nikapanda. Nikamkuta anapitisha matete mapya kwenye ua, mikono imechanika, vile viatu vimefunguka mbele. Wazee waliokuwa pale walimwita “daktari”.

“Daktari, kaza hapo!”

“Daktari, kule Ulaya wanafunga na nini?”

“Na sheria,” akajibu, wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaniona. “Yaya. Umekuja kuchukua zamu?”

“Turudi. Peleka ile ya mistari mitatu. Afadhali hiyo kuliko hakuna.”

“Hiyo haina maana. Ataniona. Hawezi kuacha mutu siku zote hizi. Haijafanywa. Nimeandika hivyo, ukurasa wa kumi na tisa. Mtu akikaa, bwana analazimika kumwona. Ndiyo fimbo pekee tuliyo nayo sisi.”

Nilimvuta Phocas pembeni, nyuma ya ghala la viazi. Akatazama huku na huku. “Mzee anahesabu siku za meli,” akaninong’oneza. “Ameniomba kalenda ya misioni, ameiweka kitandani. Mwambie mwenzako aende.”

Nikamwambia. Hakuamini. Nadhani hakuweza kuamini, maana kama Phocas alisema kweli, basi ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa uongo, na yeye alikuwa ameshaweka mwili wake juu ya ukurasa ule.

Jumamosi tarehe ishirini na tano meli iliondoka Kisenyi saa nne. Tulikuwa Bugeshi, hatukuisikia.

Jumapili, baada ya misa, Mbonigaba alitoka, akaketi, akapitisha macho. “Na wewe je, Straton?”

Straton alipiga makofi. Aliomba kwa Kinyarwanda kizuri sana, bila neno la Kifaransa hata moja. Phocas akaandika. Safari hii ilikuwa karatasi nzima: mtiifu, mvumilivu, mtu wa nyumbani kwa sushefu, anastahili. Mbonigaba aliitia muhuri kwa mkono wake, akampa mtungi wa maziwa anywe, na watu wote wakapiga makofi, kwa sababu kwao jambo lilikuwa limekwisha vizuri.

Straton alikunywa. Tukateremka. Njiani alisema neno moja tu, karibu na misioni ya Nyundo, tulikopita ili kumwomba padri atume simu ya waya kwa kamati. “Mzee alitimiza. Hakuvunja desturi hata moja.”

Kamati ilijibu mwezi wa sita. Nafasi ilikuwa imepewa mwombaji mwingine. Hategekimana angeweza kuomba tena mwaka ujao.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule watu wa vilima waliwainukia machifu, nyumba zikachomwa. Ua wa Mbonigaba uliungua kwa saa moja. Mzee alivuka mpaka kwa miguu, akaishi Masisi, upande wa Kongo, kwa mtu wa ukoo wake, akafa huko mwaka 1962. Phocas alipigwa kwa kuwa karani wake, akapoteza jicho, baadaye akauza mafuta ya taa Goma. Straton hakuomba tena. Walimtaka kwenye chama kipya cha siasa, akaenda mikutano miwili, akaacha. Alifundisha darasa la tano Bugeshi, akaoa Mukagatare, mwalimu mwenzake. Zile kurasa arobaini alimpa padri, padri akahamishwa, sijui ziko wapi. Kifua kilimmaliza mwaka 1966. Languida alilea watoto wawili wa kaka yake na kuendelea kuuza samaki. Mimi nilikwenda Bukavu, halafu Kalemie, halafu Kigoma.