Lipu ya Kanisa la Zamani

Baada ya mvua ya siku tatu, ukuta wa magharibi ulikuwa umevimba. Philomena aliuona asubuhi. Kosa lilikuwa lake.

Kanisa la zamani la Bashay lilijengwa kwa mawe na udongo. Tangu kanisa jipya lifunguliwe lilikaa tupu, mpaka kijiji kikakubali liwe wodi ya kujifungulia. Kesho injinia angekuja kulikagua. Akilikataa, lingebomolewa, na wajawazito wangeendelea kupakiwa kwenye pikipiki hadi Mbulu mjini.

Mwezi uliopita kila kaya ilileta ndoo ya simenti, zawadi kwa watoto watakaozaliwa humo. Philomena, mhitimu wa chuo cha ujenzi, alijua kwamba lipu ya simenti hufungia maji ndani ya ukuta wa udongo. Lakini babu Bura, fundi wa kijiji, alikuwa ameshaanza kupiga lipu na akina mama wanaimba. Nani amkosoe mzee mbele za watu? Alinyamaza.

Sasa alimkimbilia.

"Shikamoo, babu. Tubandue lipu leo. Yote."

"Marahaba. Umeota?" Bura akacheka. "Ukuta umenenepa tu, kama wewe uliporudi kutoka chuo."

"Umelowa ndani, babu. Utaanguka."

"Ulikuwa wapi nilipokuwa napiga?"

"Nilikuwepo. Niliogopa kukukosoa."

Kicheko kikamwishia. "Kwa hiyo ukaniheshimu mpaka nikaharibu?"

Philomena akachukua nyundo, akagonga. Kipande cha lipu kikadondoka, na nyuma yake udongo ukachuruzika kama uji. Bura akapenyeza kidole kati ya mawe, kikazama chote.

"Nesi! Toka humo!" mzee alipiga kelele.

Odilia, aliyekuwa ndani akitandika vitanda, alitoka mbio na shuka mkononi. Ukuta ukainama, ukalala juu ya vitanda vyote viwili.

Watu wakakusanyika. Hakuna aliyeimba. Marieta, mwenye mimba ya miezi minane, alitazama mawe, kisha akatazama njia ya Mbulu.

"Na mimi je?" aliuliza.

Wingu lingine lilikuwa linapanda. Bura akaokota nyundo, akauendea ukuta wa mashariki, akainama kubandua lipu ya chini.

"Siyo chini, babu!" Philomena alipaza sauti mbele za watu wote. "Utauangusha na huo. Anzia juu!"

Mzee akajiinua. Kisha akaomba ngazi.